Kokuhirwa na Chama cha Machela

Kokuhirwa alizaliwa Kaagya, akaolewa Nshamba, na kwa miaka mingi njia aliyoichukia kuliko zote ilikuwa ile itokayo Nshamba kwenda hospitali ya misheni. Haikuwa mbaya kuliko nyingine. Ilipita kati ya migomba na mibuni kama njia zote za huko, ikashuka bondeni, ikavuka kijito chenye mafunjo kwa daraja la magogo, kisha ikapanda kilima kirefu ambacho mtu akifika juu ndipo anapoanza kuyaona mabati ya hospitali. Pale kwenye kijito ndipo alipokuwa anashindwa. Akilikaribia daraja alianza kutembea mbiombio, mara nyingine amejifunika masikio kwa kanga, na waliokutana naye walimpisha bila kumsalimu, kwa sababu walijua.

Jambo lenyewe lilitokea juma la Uhuru, mwaka 1961. Mvua za mwaka ule bado zinatajwa. Ziwa lilipanda likameza mashamba ya watu wa ufukweni, na huku juu vilimani matope yalikuwa yakivua watu viatu.

Nshamba wakati huo kulikuwa na chama cha kubeba wagonjwa. Gari lilikuwa kitu cha kuonekana mara mojamoja, tena kwa matajiri wa kahawa. Kwa hiyo wanaume wa eneo lile walikubaliana kwamba mwanachama akiuguliwa nyumbani kwake, wote watatoka, watambeba mgonjwa kwa kupokezana mabega mpaka hospitali. Machela ilitengenezwa na Elieza, seremala Mlutheri, kwa miti miwili ya mushambya na kamba alizozisuka mwenyewe. Ilitunzwa nyumbani kwa mwenyekiti, Clavery, Mkatoliki asiyekosa misa na asiyependa sheria ivunjwe. Na sheria kubwa ya chama ilikuwa moja: asiyebeba habebwi.

Byabato, mume wa Kokuhirwa, hakuwa mwanachama. Alikuwa amehamia kutoka Kaagya baada ya kurithi kibanja cha migomba cha baba yake mdogo, na aliona kwamba wenyeji wanamtazama kama mtu aliyekuja kula cha wengine. Basi naye akawakalia mbali. Alifanya biashara ya samaki wakavu, akanunua baiskeli, na Clavery alipomfuata ajiunge na chama, alicheka.

"Ta Clavery, mimi nina baiskeli. Mgonjwa wangu atafika hospitali kabla ninyi hamjamaliza kuitana."

"Baiskeli haina mabega, waitu," Clavery alimjibu. "Lakini sawa. Umesema mwenyewe."

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Kemilembe. Alikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, akipenda kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Homa ilimpanda asubuhi moja. Kufikia mchana macho yake yalikuwa yamegeuka njano na viganja vyeupe kama vya mtu aliyekaa sana majini. Kokuhirwa alitoka mbio kwenye mvua mpaka kwa Clavery. Wanaume walikuwa barazani wakichonga mlingoti wa bendera kwa ajili ya sherehe.

"Ta Clavery! Ta Clavery! Mtoto anakwisha! Tusaidieni machela!"

Clavery alitoka akasimama mlangoni. Hakushuka uani.

"Ma Kokuhirwa, mume wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, amemshika mtoto."

"Basi aje yeye. Aje aseme mbele ya watu hawa kwamba amejiunga. Nikivunja sheria kwako leo, kesho nani atakubali kubeba?"

Baadhi ya wanaume waliinamisha vichwa wakaendelea kuchonga. Kokuhirwa alirudi mbio, akamweleza mumewe. Byabato aliinuka. Alimfunga mtoto kwa shuka, akamweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wakaondoka.

Hawakufika mbali kabla matope mekundu hayajajaa kwenye magurudumu. Byabato aliisukuma, akaivuta, mwishowe akaitupa majanini, akamweka mtoto mgongoni. Kokuhirwa alifuata nyuma ameshika jani la mgomba juu ya kichwa cha Kemilembe. Walipofika kijitoni, maji yalikuwa yamelifunika daraja. Kwa watu kadhaa wenye machela pengine ingewezekana, wengine wakitangulia kupima magogo kwa miguu. Mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni hakuthubutu. Wakasimama kungoja maji yapungue.

Ndipo Kemilembe alipofumbua macho.

"Mawe, tumefika?" aliuliza, akimwita mama yake kwa Kihaya.

Kokuhirwa alimwangalia. Mvua ilikuwa ikimtiririka mtoto usoni.

"Tumefika, mwanangu," alimwambia.

Mtoto alitulia kama atuliavyo mtu aliyewekwa kitandani kwake. Hakusema neno lingine.

Walimzika kibanjani, nyuma ya nyumba. Siku ya maziko ngoma zilisikika kutoka uwanjani, na watoto wa shule walipita barabarani wakiimba na vibendera vya karatasi. Clavery alikuja na jembe begani kusaidia kuchimba. Byabato akamzuia penye njia ya kuingilia.

"Juzi machela yako ilikuwa imelala bure. Leo jembe lako la nini?"

Clavery aligeuka na jembe lake akaondoka.

Haukupita muda Kokuhirwa akaanza kumsikia. Haikuwa ndoto, kwa sababu ilimjia mchana, akitembea, akili yake ikiwa kwenye chumvi na mafuta ya taa. Akifika darajani, sauti ilitoka nyuma yake, chini kidogo, kimo cha mtoto anayeshika nguo ya mama yake. Tumefika? Mara nyingine ilimfuata hadi nyumbani, akaisikia wakati maji ya mvua yakichuruzika kutoka paani na kuingia kwenye mtungi. Padri alimpa sala za kusali. Mama yake alitoka Kaagya akampeleka kwa mtu wa dawa. Alisali sala zote na kunywa dawa yote, na sauti haikubadilika hata kidogo. Hakuijibu kamwe. Alikwisha kuijibu mara moja, na jibu lile ndilo lililokuwa likimrudia.

Alizaa watoto wengine, wakakua. Jina la Kemilembe halikutajwa nyumbani, maana likitajwa Byabato aliinuka na kutoka nje. Yeye alidai hasikii chochote. "Ni upepo kwenye mafunjo," alisema. Lakini alianza kwenda sokoni kwa kupitia njia ya juu, ndefu, akisema ina kivuli.

Mwaka ule wa Azimio la Arusha, Kokuhirwa alikuwa akitoka hospitali kumwona shemeji yake, akawakuta wanachama kijitoni wakirudi na machela tupu. Walikuwa wamekaa majanini wanapumzika. Alipokuwa akijiandaa kukimbia kama kawaida yake, aliona jambo lililomsimamisha. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Wanaume wale, waliojulikana kwa maneno mengi kwenye pombe ya rubisi, walikaa kila mmoja ameangalia upande wake. Clavery alikuwa amewapa kisogo, ameelekea mafunjo, midomo inacheza bila sauti, viganja vimebana masikio.

Jumapili iliyofuata baada ya misa, Kokuhirwa aliingia kwenye ua wa Clavery, ule ule. Chama kilikuwa kwenye mkutano.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina," walijibu, wengine kwa kigugumizi.

"Nimekuja kujiunga."

Walitazamana. Mmoja akauliza, "Mume wako amekubali?"

"Sikuja kumwombea mume wangu. Nimejileta mwenyewe."

"Lakini mwanamke habebi machela."

"Basi nipeni kile kisichobebwa begani."

Elieza seremala ndiye aliyejibu. "Kazi hiyo ipo," alisema. "Tena tunaiacha kila siku. Tukimchukua mama wa watu, watoto wake wanabaki na nani? Nani anawasha moto? Nani anapika ndizi za ebitoke na kupeleka hospitali? Tunajisifu tumebeba, kumbe tumebeba nusu."

Clavery alipozungumza, aliangalia chini.

"Ma Kokuhirwa, unakuja kwetu? Kwetu sisi?"

"Niende kwa nani mwingine? Ninyi ndio mnaoijua ile njia."

Ndivyo alivyoingia. Mgonjwa alipochukuliwa, yeye alikwenda nyumbani kwa mgonjwa. Alifagia, alipika, aliogesha watoto, alikamua mbuzi, na kama mgonjwa hakurudi, ni yeye aliyekuwa ameshika mkono wa mtoto wakati habari inaletwa. Wanawake wengine walimfuata, kwanza wachache, kisha wengi. Alizoea kuingia kwenye nyumba ambazo zamani alikuwa akizipita kama mgeni. Watu walianza kumsalimu tena. Wakati wa palizi aliugua mgongo, na alipoamka akakuta wanawake wamekwisha kuingia kibanjani na majembe, hawakumwita wala kumuuliza. Byabato aliwaona kutoka dirishani, akakaa ndani mpaka walipomaliza.

Sauti haikuondoka. Alipita pale darajani akaisikia, lakini sasa alikuwa akipita na watu.

Mwaka 1970 duka la ushirika lilifunguliwa Nshamba, na wa kuliendesha akaletwa Muharami, kijana wa Miembeni, Bukoba mjini. Alikuja na mke wake Mastura, aliyekuwa mjamzito. Walikuwa Waislamu, hawakujua Kihaya cha kutosha, na hawakuwa wanachama wa chochote. Nani angewaambia wajiunge? Mastura alikaa nyuma ya duka akisikiliza lugha ya majirani ikipita juu ya kichwa chake.

Uchungu ulimshika siku ya kazi ya pamoja. Wanaume wote wa kijiji walikuwa wameshuka rweya, kwenye nyika ya majani mbali na migomba, kulima shamba la ujamaa. Muharami alikuwa Bukoba kufuata bidhaa. Ma Joviana, mkunga, alimpapasa Mastura tumboni, akatoka nje akifuta mikono, uso umebadilika.

"Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa kisu. Akibaki hapa hatuna wa kuzungumza naye kesho."

Kokuhirwa alikwenda kwa Clavery. Alimkuta peke yake, kwa kuwa goti lake lilikuwa limeharibika na shamba la ujamaa lilikuwa limemsamehe. Alisimama uani, akamwita, na kabla hajamaliza kumweleza, Clavery alikuwa amekwisha kuingia ndani na kutoka ameburuta machela.

"Si mwanachama," Kokuhirwa alimwambia, kana kwamba anataka aisikie kwa masikio yake.

"Nimesikia. Wabebaji ni akina nani?"

"Ni sisi."

Walikuwa wanawake tu, na mzee mmoja mwenye goti bovu. Walikunja kanga wakaziweka mabegani, wakamlaza Mastura, wakanyanyua. Mwanzoni machela iliyumba, kwa kuwa hawakujua kwenda hatua moja. Ma Joviana akaanza kuwahesabia kwa Kihaya, na taratibu miguu ikakubaliana. Clavery alishika nyuma akichechemea. Kila walipotaka kumtoa alikataa.

Wakashuka bondeni. Safari hii hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa kali na daraja lilikuwa kavu, lakini Kokuhirwa alihisi nywele zikimsisimka shingoni tangu waliposikia mafunjo. Walisimama kubadilisha mabega. Sauti ikaja. Ila haikutoka nyuma yake. Ilitoka juu ya machela.

"Mama, tumefika?"

Mastura alikuwa amefumbua macho, amemshika Kokuhirwa kifundo cha mkono. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Wanawake wengine waligeuka kumtazama Kokuhirwa, maana wote walijua habari ya daraja lile. Kokuhirwa alimwinamia.

"Bado," alisema. "Bado, mwanangu. Hapa ni kijitoni tu. Mbele kuna kilima, na ni kirefu. Usilale. Nishike hivyo hivyo, na kila tukipumzika niulize tena."

Mastura aliuliza njia nzima. Kila mara aliambiwa bado. Alipandishwa kilima kile akiuliza na kujibiwa, mpaka mabati yalipoonekana, ndipo Kokuhirwa aliposema, "Sasa yaone." Walipomshusha, mabega ya wanawake yalikuwa yamechubuka, na Clavery alikaa chini ukutani akashindwa kuinuka.

Mastura alipasuliwa akapona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa.

Wakati wa kurudi walikuwa wakienda polepole kwa ajili ya goti la Clavery. Pale kijitoni Kokuhirwa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa Uhuru, alikaa majanini.

"Ta Clavery," alisema. "Na wewe unamsikia?"

Mzee alijishusha majanini kando yake.

"Mtoto simsikii. Nakusikia wewe. Unaniita uani, mvua inanyesha, na mimi nimesimama mlangoni. Leo uliponiita nilidhani ni ile ya siku zote. Mpaka nilipoona kivuli chako."

Alichuma jani la funjo, akalikunja na kulikunjua.

"Elieza anamsikia mke wake. Tulimweka hapa tukapumzika, tulipomnyanyua alikuwa mzito. Kila mmoja ana wake, Ma Kokuhirwa. Hatusemi. Lakini ndiyo sababu hakuna anayekosa zamu."

Kokuhirwa alilia pale mbele ya wenzake, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni Byabato alimkuta jikoni ameshindwa kuinua mkono. Alipasha maji moto, akachovya kitambaa, akamkanda mabega. Alipokuwa akikamua kitambaa aliuliza, "Ulivuka daraja?"

"Nilivuka."

"Na yeye, alikuwapo?"

Kokuhirwa akageuka kumwangalia. "Kumbe nawe?"

"Unafikiri njia ya juu naipendea kivuli?" alisema Byabato, akaendelea kukanda.

Sheria ya chama ilibadilishwa Jumapili iliyofuata, na aliyetoa hoja ni Clavery mwenyewe. Alisema kwa maneno machache kwamba tangu sasa anayeugua atabebwa kwanza, na akipona ataombwa kubeba. Hakuna aliyepinga. Mastura aliporudi, Kokuhirwa alikuwa akimtembelea kila siku nyuma ya duka. Siku moja alimkuta amekaa kitandani, anasikiliza.

"Mama, mimi mwanangu sikumsikia akilia hata mara moja. Mbona sasa namsikia? Analia huko stoo, kwenye magunia."

Kokuhirwa alikaa karibu naye.

"Sitakudanganya kwamba ataacha," alimwambia. "Wangu hajaacha. Lakini Jumapili njoo kwa Ta Clavery. Huko utakuta watu usiohitaji kuwaeleza."

Mastura alikwenda, mumewe akamsindikiza, na wote wawili wakaandikishwa. Watu walistaajabu jinsi binti yule wa mjini alivyojifunza Kihaya upesi akiwa chini ya machela, kuliko alivyokuwa amejifunza akiwa dukani. Katika nyumba alizokwenda kupika walimwita Ma Mastura, naye akaitika.

Byabato hakujiunga. Kokuhirwa hakumsukuma. Alianza tu kuonekana akisimama pembeni mwa mikutano, kisha akikaa pembeni, kisha akikosolewa kwa kuchelewa kama wengine.

Mwaka 1974 familia kadhaa zilihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kule rweya. Hakukuwa na migomba ya kuwaficha na upepo, wala jirani wa zamani, na hospitali ilikuwa mbali maradufu. Wanawake wa huko walikuja kuomba wafundishwe. Elieza alikuwa amezeeka lakini alitengeneza machela ya pili, na chama kikashuka nayo: Kokuhirwa, Mastura, Ma Joviana, na Byabato aliyekuwa ameibeba kichwani.

Walikusanyika mbele ya nyumba mpya za udongo ambazo kuta zake zilikuwa bado mbichi. Kokuhirwa aliwaonyesha jinsi ya kukunja kanga begani, jinsi ya kupokezana bila kusimama, na jinsi mtu wa mbele anavyopaswa kusema kila anachokiona, jiwe, shimo, mteremko, ili wa nyuma wasijikwae. Kisha akasema wajaribu. Ikatakiwa apatikane mtu wa kulala.

Hakuna aliyetaka. Wanawake walicheka wakasukumana, kisha wakaacha kucheka. Kulala kwenye machela mtu akiwa mzima kuliwatia hofu, kana kwamba ni kujiitia jambo.

Byabato alivua kofia akampa mke wake. Alikaa kwenye kamba, akajinyoosha, akaweka mikono kifuani. Wanawake wa rweya walimnyanyua, machela ikayumba, ikatulia, wakaanza kwenda naye kwenye uwanja wa majani, kuelekea mti mmoja uliosimama mbali, huku wa mbele akisema, "Jiwe. Shimo. Mteremko."

Kokuhirwa alitembea kando yake. Mumewe alikuwa ameangalia juu bila kupepesa.

"Wakushushe?" alimuuliza.

"Waache kwanza," alisema Byabato. "Waambie waende mpaka ule mti."